Paka wa Redcliffe

Wiki hii nimemaliza zamu za usiku na mtihani wa udereva nimefaulu, lakini kinachonizunguka kichwani tangu Jumamosi ni "hapana" moja niliyoitamka mlangoni mwa Kanisa la Mtakatifu Maria Redcliffe, hapa Bristol.

Mzee wa zamu, mtu mpole mwenye beji kifuani, aliniuliza: "Umewahi kuingia katika kanisa letu?" Nikajibu: "Hapana, ndiyo mara ya kwanza." Mimi nilikusudia jengo lile, yeye, nadhani, alikusudia Uanglikana wote, kwani alitupeleka moja kwa moja kwenye kisima cha ubatizo, akaligonga jiwe kwa kidole na kusema taratibu, kama anayemfundisha mtoto: "Hapa ndipo tunapowabatiza watoto wachanga." Nami niliyebatizwa Magila, misheni ya Kianglikana kule Tanga, niliyeshika chetezo Jumapili baada ya Jumapili hadi shati likanuka ubani wiki nzima, nikatikisa kichwa na kusema asante. Tangu siku hiyo nimekwisha kumjibu upya mara nyingi, hasa ninapoosha vyombo, na kila mara Kiingereza changu kinanyooka zaidi. Kilichoniuma si swali lake, bali jinsi nilivyomwachia aendelee.

Habari za mnara uliopigwa na radi katika karne ya 15, ukakaa bila ncha yake mpaka 1872, nilizisikia kwa sikio moja tu.

Neema, niliyekuwa naye, ndiye aliyenivuta nje. Uani kuna kipande cha reli ya tramu kilichosimama mshazari kwenye majani: bomu la Ijumaa Kuu ya mwaka 1941 lilikirusha juu ya paa za nyumba kikajikita hapo, na watu wakaamua kisiondolewe. Hatua chache mbele tukakuta jiwe dogo la kaburi, ambalo Neema alilipangusa kwa kiganja na kusoma kwa sauti: "Paka wa Kanisa, 1912–1927." Akaniuliza kama paka huyo naye alibatizwa. Nikacheka hadi mama mmoja aliyekuwa akila mkate kwenye benchi akageuka kututazama. Miaka 15 kanisani, na sidhani kama kuna mtu aliyemsimamisha mlangoni.

Nilitaka kumsimulia mama yote hayo jana usiku, ila alikatiza simu mara mbili kwa kukohoa. Anasema ni vumbi tu, na hospitali hataki kwenda.