Gemu ya bunduki inahitaji hadithi kwa kazi gani?

Watu wakibishana kama gemu ya bunduki, hizi tunazoziita FPS, lazima iwe na hadithi ndipo iwe nzuri, mimi huanza na Doom ya 1993. Tom Hall, mmoja wa wabunifu wake, alishaandika waraka mzima wa wahusika na matukio, ukaitwa Doom Bible. id Software, kampuni iliyoitengeneza, wakauweka kando karibu wote, na Hall akaondoka kabla gemu haijatoka. Kilichosalia ni maandishi mafupi mwishoni mwa kila sehemu. Miaka zaidi ya 30 baadaye, watu bado wanaichezea na kuitengenezea ramani mpya.

Inabebwa na hesabu. Shotigani hutoa vipande 7 kwa mfyatuo mmoja, kila kimoja kikipunguza uhai wa adui kwa 5, 10 au 15. Imp, pepo anayerusha mipira ya moto, ana uhai wa 60. Ukimsogelea hadi vipande vyote vimpate, wastani ni 70, kwa hiyo mara nyingi anaanguka hapo hapo. Ukimpiga kwa mbali vipande vinatawanyika, inabidi upige tena, na mpira wake wa moto tayari uko njiani. Pinky, pepo anayekukimbilia na kukung'ata, ana 150 na hana cha kurusha. Kazi yake ni kukubana na kukuziba njia wakati wengine wanakulenga. Cacodemon, pepo wa duara anayeelea, ana 400, ila kila risasi inayompata ina nafasi ya nusu kwa nusu kumshtua na kukatiza shambulio lake, ndiyo maana bunduki ya mfululizo inamfaa kuliko shotigani. Changanya watatu hao kwenye chumba kimoja na mchezaji ana maamuzi ya kufanya kila sekunde. Hata njia haihitaji maneno: mlango wa bluu umeshaupita, kadi ya bluu ya kuufungua unaiona ng'ambo ya dimbwi la sumu. Unajua la kufanya.

Counter-Strike, ambamo timu moja inatega bomu na nyingine inalizuia, iko hivyo hivyo. Bomu likishategwa linalipuka baada ya sekunde 40. Kulitegua ni sekunde 10, au 5 ukiwa na kifaa cha kutegulia, kinachonunuliwa ndani ya gemu kwa dola 400. Aliyefika zimebaki sekunde 8 bila kifaa hana cha kuokoa ila bunduki yake, akimbie nayo hadi raundi ijayo. Presha hiyo hakuna mwandishi aliyeiandika.

Hata hivyo siwezi kusema hadithi ni pambo tu, kwa sababu kuna Half-Life ya 1998. Valve waliifumua gemu yao na kuijenga upya kabla ya kuitoa, na walichofanya na hadithi bado ni somo. Unaingia Black Mesa, kituo cha utafiti, kwa treni, huna silaha, lakini unaweza kutembea ndani ya behewa na kuchungulia dirishani. Sampuli inayoleta maafa unaisukuma kwa mikono yako. Kisha wanajeshi wanafika, unadhani umeokoka, na mwanasayansi anayewakimbilia anapigwa risasi mbele ya macho yako. Tukio hilo ni hadithi na ni maelekezo kwa pamoja: sasa unajua nani wa kumlenga. Half-Life 2 inarudia mbinu hiyo Ravenholm, mji uliojaa mazombi. Unakuta msumeno wa duara umekwama ukutani na zombi aliyekatwa vipande viwili kando yake. Unauvuta kwa bunduki ya mvutano, inayonasa vitu na kuvirusha, zombi mwingine anatokea mlangoni, na mkono wako unajua la kufanya.

Ila gemu hiyo hiyo inakosea kwenye maabara ya mwanasayansi Kleiner. Unazunguka chumbani, unashika vikombe, lakini huendi popote mpaka wahusika wamalize kuongea. Mara ya kwanza inavutia. Mara ya tatu inachosha sana.

Makosa mengine yanajirudia kwenye gemu nyingi. Sauti ya redio inaeleza jambo muhimu katikati ya mapambano, risasi zinaifunika, na wewe ulikuwa unasikilizia hatua za adui; hapo washa maandishi ya mazungumzo na ushushe muziki. Kuna video inayokunyang'anya mhusika akiwa amejificha vizuri, halafu inamrudisha akiwa wazi. Kuna kumfuata mwenzako anayetembea polepole kuliko wewe, na hapo kasi yote iliyojengwa inapotea.

Kwa anayetengeneza ya kwake, ningeanza na chumba kimoja, bunduki moja na aina mbili za maadui, mmoja wa kurusha na mmoja wa kukimbiza. Zima sauti, ucheze dakika 10. Ukichoka, badilisha kasi ya mchezaji, muda kati ya risasi na risasi, na uhai wa adui, kimoja kimoja ili ujue kipi kimesaidia. Mpe mtu mwingine acheze, usimwambie kitu, uangalie anapotea wapi. Pale alipopotea, weka taa kwanza. Akipotea tena, weka tukio analoweza kuliona huku anatembea. Mhusika wa kuongea aje baada ya hapo.