Nilivyoijaribu Boss BD-2 kwenye seben, kanisani na kwenye rock

Nilikuwa natafuta ovadraivu (pedali ya kuchanisha sauti ya gita) moja tu ya kubeba kwenye begi la gita, sio tatu, maana mi napiga sehemu ambazo hazifanani kabisa. Jumapili niko kanisani, wikiendi kuna bendi ya dansi tunapiga rumba na seben, ile sehemu ya haraka ya gita, mpaka usiku mnene, alafu kuna washkaji wa rock tunakodi chumba cha mazoezi tunapiga kelele zetu tu. Nikaangukia Boss BD-2, ile Blues Driver ya bluu, iko sokoni tangu 1995 kwa hiyo mtumba wake unapatikana. Gita langu ni Yamaha Pacifica, lina pikapu tatu za kunasa sauti ya nyuzi, hambaka moja (nene, ya koili mbili) kwenye brij na singo koili mbili (nyembamba zaidi), nasema hivyo ili ujue nasikiliza kupitia nini.

Kitu cha kwanza nilichotaka kujua ni kama inabadilisha sauti ya gita au inaiacha ilivyo. Tube Screamer, ile ya kijani ya Ibanez ambayo nusu ya dunia wanaiiga, inapunguza besi na kusukuma katikati, kwenye hezi 720 hivi, ndo maana ikiwashwa gita linapenya hata kinanda na drams vikiwa juu, lakini kila gita linaanza kufanana. BD-2 haina hicho kinundu cha katikati. Singo koili inabaki singo koili, hambaka inabaki hambaka, ukigonga nyuzi kwa upole inakaa karibu na klini, yaani sauti safi isiyochanika, ukikandamiza inachanika. Shida ni huko juu, trebo yake ni kali, mwenye amplifaya kali ajiandae.

Nobu ni tatu: Level ni ukubwa wa sauti, Tone ni trebo, Gain ni kiasi cha mchaniko. Kwenye maelezo yangu nazisoma kama saa. Saa moja ndo mwanzo kabisa, saa sita imeangalia juu, saa kumi na moja imefika mwisho.

Nikaanza na kanisani kwa sababu ndo pagumu, pale hamna amplifaya ya gita, kila mtu anachomeka DI (kiboksi cha kuunganisha ala) moja kwa moja kwenye miksa. Kwa klini hiyo haina neno, ila ukiwasha ovadraivu yoyote unasikia nyuki kwenye debe. Na pedali haina kosa hapo. Spika ya gita, zile inchi 12, kwa kawaida haitoi sauti ya maana ukipita kilohezi 5 hivi, kwa hiyo ule mchubuko wa juu unaotoka kwenye pedali unachujwa na spika yenyewe. Spika za kanisa zina twita, vile vispika vidogo vya sauti za juu, zinatoa kila kitu, ule uchafu wote unakuja mzima mzima mpaka wamama wa mstari wa mbele wanageuka kukuangalia.

Nikashusha Tone mpaka saa mbili, Gain saa tatu, bado. Nikamwomba fundi mitambo apunguze High, akapunguza kweli, lakini kwenye miksa nyingi ile nobu inashika huko kilohezi 10, 12, na uchungu wenyewe unakaa kama kilohezi 3 mpaka 6, kwa hiyo unabaki na gita lililofifia na bado linakwaruza. Kilichosaidia ni ile nobu ya mid (sauti za katikati) ya kusogeza masafa, akaiweka kama kilohezi 4 akakata ya kutosha. Ikawa ya kuvumilika, naweza kupiga kodi (chords) za kuabudu zenye mchanga kidogo bila kuudhi mtu. Ila dawa yenyewe niliipata baadae, niliazima kaamplifaya kadogo nikakaweka pembeni ya jukwaa, tukaweka maiki ya SM57 mbele ya spika, sio katikati kabisa, kasogea pembeni kidogo ya koni. Pedali ileile, nobu zilezile, utadhani ni kitu kingine. Kama hamna amplifaya basi tafuta kiboksi cha kuigiza spika ukiweke mwisho wa mnyororo wa pedali, kuliko kununua ovadraivu nyingine ukidhani ya kwanza mbovu.

Kwenye dansi mambo yakawa matamu. Seben yenyewe haitaki mchaniko, ukisikiliza wapiga gita wa Kongo kama Franco au Diblo Dibala kila noti imesimama peke yake, ukitia gain nyingi zile noti za haraka zinashikana zinakuwa uji. Pale tunatumia Roland JC-120, amplifaya klini kuliko maelezo. Nikaweka Gain saa mbili tu, Level saa saba, Tone saa nne maana JC haina huruma kwa trebo, alafu pedali nikaiacha inawaka muda wote kazi nikaifanya na volyumu ya gita. Ikiwa 6 naongozana na ridhimu, klini kabisa au tuseme klini yenye nyama kidogo, zamu ya solo ikifika napeleka 10 inaongezeka sauti na kaukali bila kukanyaga kitu. Wenye magita yanayofifia trebo ukishusha volyumu hapa ule ukali wa BD-2 unageuka faida, unarudisha mwanga uliopotea.

Na Level ipange bendi nzima ikiwa inapiga, sio nyumbani. Nyumbani unasawazisha pedali ikizimwa na ikiwashwa unaona safi, ukifika mazoezini na kongas na besi umepotea, unaanza kuongeza Gain ili usikike. Gain inabana sauti tu, vilele vinakatwa, gita linakuwa chafu zaidi na bado halisikiki! Aliyezoea kufanya hivyo ashushe Gain robo apandishe Level, atashangaa.

Rock ndo ilinishinda nusu. Mpaka saa saba ya Gain ni nzuri, kodi kubwa zinapumua. Ukipita saa nane inaanza kutoka kwenye ovadraivu inaelekea fuzi (mchaniko mzito wa kuvuma), besi inalegea, rifu za haraka kwenye waya wa sita zinakuwa matope. Kuna mshkaji ana SD-1, ovadraivu nyingine ya Boss, ile ya njano ya 1981, tukaiunga baada ya BD-2, Drive yake chini, ikakata ule mzigo wa besi na kubana katikati, hapo tukapata rock ya kweli. Lakini hizo sasa ni pedali mbili na mi nilitaka moja. Metali usiifikirie kabisa.

Umeme: volti 9, katikati hasi. Adapta za vinanda nyingi ni volti 12 na nyingine zimegeuzwa polariti, usichomeke kwa sababu tundu limeingia. Ukitumia betri chomoa jeki ya Input ukimaliza, hata taa ikiwa imezimwa inakunywa betri mpaka utoe waya.

Mimi nimebaki nayo, inalala kwenye begi. Ila kama we ni seben tupu, hukutani na kodi za kanisani wala rock, hela hiyo nunua kompresa (ya kusawazisha sauti) kwanza au diley (ya mwangwi) nzuri, ovadraivu utaitumia kwenye solo mbili kwa usiku. Na ukienda kununua mtumba beba gita lako na waya wako, zungusha nobu zote taratibu ukisikiliza mikwaruzo, tikisa jeki ikiwa imechomekwa, alafu fungua mlango wa betri uangalie kama vichwa havijaliwa na maji ya betri iliyovuja. Muuzaji akikataa usiifungue, ondoka.