Hotpoti ya mama na nyuzi 6.5

Nilikuwa kidato cha tano hapo Tabora, mwezi wa tisa, na joto la Tabora mwezi wa tisa waliokaa kule wanalijua, hata jani la mwembe halitikisiki. Natoka Isevya kwa miguu naingia maabara nimelowa jasho, na praktiko yenyewe ya siku hiyo ni kupima joto, lile linalotoka asidi na alkali zikikutana. Unachukua mililita 50 za haidrokloriki asidi na 50 za sodiamu haidroksaidi, zote moli 1 kwa lita (moli ni kipimo cha wanakemia cha kuhesabu chembe), unamimina, unakoroga, unasoma temomita imepanda mpaka wapi.

Kitabu kinasema upate kama kilojuli 57 kwa kila moli ya maji yanayotengenezwa. Sisi tulikuwa na bika za kioo tu, tumezipanga dirishani, temomita yangu ikatoka 27 ikafika 32 ikagoma. Nikapiga hesabu, gramu 100 za mchanganyiko mara 4.2, yaani juli za kupandisha gramu moja ya maji nyuzi moja, mara nyuzi 5 inakuja juli 2,100, gawanya kwa moli 0.05 za maji yaliyotengenezwa unapata kilojuli 42. Nikarudia mara tatu, 42 ile ile. Jamaa wa meza yangu akaniambia we pika tu, andika nyuzi 6.8 majibu yatakaa, na kweli wengi walikuwa wameshapika. Mi nikakataa, temomita nimeisoma kwa macho yangu, 6.8 naitoa wapi?

Madam akapita, akasoma daftari kimya, halafu akasema shika hiyo bika. Nikashika, kioo kilikuwa cha vuguvugu kabisa.

"Haya mwanangu, hilo joto unalolisikia mkononi umelihesabu wapi?"

Lile swali mpaka leo linanisisimua. Yani joto lilitoka lote, ila lingine limeliwa na kioo, lingine limeondoka na hewa ya dirishani, na mi nilihesabu la maji peke yake!

Kesho yake nikabeba hotpoti ya mama, ile ndogo ya wali, maana kama inatunza wali kutoka saa sita mpaka usiku basi itatunza na hili. Ndani nikaweka kikombe chepesi cha plastiki, pembeni nikashindilia pamba niliyochomoa kwenye mto wa zamani, juu nikafunika na gamba la daftari lenye tundu la temomita. Madam akavuta stuli akakaa. Asidi na alkali zote ziko 27.5. Nikamimina chap, nikafunika, nakoroga taratibu huku nasoma, 33, 33.5, 34, ikatulia pale pale 34. Nyuzi 6.5, kilojuli 54.6. Kuna kidogo bado kilipotea, sawa, nikaandika hivyo hivyo 54.6 na madam akaandika pembeni kwa peni nyekundu, "hii ni yako". Baadaye tulijaribu na naitriki asidi, ikaja karibu sawa, kwasababu kinachotoa joto ni yale maji yanayozaliwa, asidi yoyote kali utakayoweka.

Jioni mama akaifungua hotpoti akanusa.

"We, umeweka nini humu?"

"Kuna kidogo kilimwagika mama, ila ni chumvi na maji tu, asidi na alkali zikishamalizana hicho ndo kinachobaki."

"Chumvi hata mi ninayo jikoni," akasema, akachukua stili waya na sabuni, akaisugua mara mbili.