Siku yangu na mapaja ya kuku, Ngamiani

Saa kumi na moja alfajiri. Adhana haijamaliza, baiskeli ya mleta kuku imeshagonga ukuta wa uani. Tanga hii kila kitu hupanda baiskeli, hata kuku: tenga moja nyuma limekazwa kwa mpira, ndani wamo kumi na tano wa kisasa, wa wiki sita, kutoka Pongwe. Nawatoa mmoja mmoja na kuwaminya mapaja. Mleta kuku hunicheka kila siku: "Mama, unanunua kuku au unamchagulia mwanao mchumba?"

Acha acheke. Mimi nauza kuku wa kupaka jioni, na mteja wa Ngamiani akifika kwenye meza yangu neno lake la kwanza ni "paja lipo?" Kidari wanakula wenye haraka na wanaojinyima mafuta.

Saa kumi na mbili mchinjaji anapita, anamaliza kazi yake, tunanyonyoa. Maji yawe ya moto ya kuunguza mkono lakini yasitokote, maana yakitokota ngozi inachubuka, na paja lisilo na ngozi nzima hukauka jikoni. Kisha kuku wote kwenye friji, hawaguswi kwanza. Aliyechinjwa sasa hivi akipikwa sasa hivi nyama inakaza. Mpe saa kadhaa, italegea yenyewe.

Saa nne ndiyo saa ninayoipenda. Namgawa kila kuku robo nne, mbili za paja na mbili za kidari, halafu robo za paja nazigawa tena. Mtoto wa dada yangu, anayenisaidia tangu amalize shule, alipoanza kazi alikuwa anapiga panga popote. Wateja wakawa wanatema vipande vya mfupa. Nikamwambia weka paja ngozi ikiangalia chini, tazama upande wa ndani. Unaona kale kamstari kembamba ka mafuta meupe? Kamekaa juu ya kiungo, kati ya paja la juu lenye nyama nene na lile la chini lenye umbo la rungu. Kisu kikifuata mstari huo kinapita kama kwenye papai bivu, hakigongi kitu. Siku hizi ananishinda kwa wepesi, ila simwambii.

Huyo huyo aliniuliza leo kwa nini paja ni jeusi na kidari ni cheupe. Wengi hudhani ni damu. Damu ilishamwagika kwa mchinjaji. Ile ni rangi ya msuli wenyewe. Kuku anasimama na kutembea kutwa, na msuli wa kazi ya kutwa huweka akiba ya oksijeni ndani ya kitu kinachoitwa mayoglobini, chenye wekundu. Kidari ni msuli wa kupigia mabawa, na kuku wa bandani anaruka kwenda wapi? Ndiyo maana paja la kienyeji, aliyezunguka vichochoro miezi na miezi, ni jeusi zaidi na gumu zaidi. Huyo namchemsha kwanza, jiko la makaa peke yake halimuwezi.

Sokoni Mgandini nimeenda na kurudi: ndimu, tangawizi, nazi kumi. Jua la saa saba nimelala.

Saa nane mapaja nayachanja mara mbili, kisu kifike mfupani, nayapaka chumvi, kitunguu saumu na tangawizi. Ndimu bado. Ndimu inaingia saa moja kabla ya moto, basi. Ikikaa sana nyama inakuwa kama unga mdomoni, na hapo hakuna dawa.

Saa tisa ni kukuna nazi kwa mbuzi na kukamua kwa kifumbu. Kasimele, lile tui zito la kwanza, naiweka pembeni. Tui la pili napika na binzari, pilipili na ndimu kidogo, na kasimele inaingia mwishoni moto ukiwa mdogo isije ikakatika.

Saa kumi na moja jioni makaa yameshika. Nayasogeza upande mmoja, mapaja nayaweka upande usio na makaa. Nilijifunza kwa aibu. Miaka mitatu nyuma nilichukua tenda ya shughuli ya ndoa, nikawasha moto wa kujionyesha, mapaja yakapendeza kama ya picha. Bibi mmoja upande wa mume akalifungua la kwake: ndani nyama inateleza, bichi. Akalifunika na chapati, hakusema neno. Afadhali angenitukana.

Sasa nina kipimajoto cha sindano. Kuku yeyote akifika nyuzi 74 ndani ni salama kula. Kidari hapo hapo nakitoa, kikizidi kinakuwa pamba. Paja kwenye 74 ni salama lakini bado linavutika, limejaa mishipa na utando. Nalisubiri lipite 80, likaribie 85. Hapo ule utando unayeyuka kuwa ute, ule unaogandisha midomo ukila. Ndipo nalipaka tui kwa bua la mchaichai lililopondwa ncha, nageuza, napaka tena, mpaka tui lishike na kuanza kuwa na madoa meusi.

Saa mbili usiku, meza imejaa, kijana wa bodaboda ananyanyua sahani. "Mama, huyu mbichi. Ona damu."

Pembeni ya mfupa kweli pana wekundu uliokolea. Nimechoma sindano mbele yake: 83. Nikamvunjia ule mfupa, uboho mwekundu ukaonekana. "Mwanangu, kuku huyu ana wiki sita. Mifupa yake haijakomaa, rangi ya ndani inapenya mpaka kwenye nyama. Ubichi utauona kwenye nyama yenyewe inayoteleza." Kisha nikakumbuka: lile lilikuwa miongoni mwa mapaja manne yaliyobaki jana, nikayagandisha. Barafu huzidisha wekundu ule wa mfupani. Nimemweleza hilo pia, ni haki yake.

"Kwa hiyo hili ni la jana?"

"La jana."

Amelitazama, akachovya ukwaju, akala. Kisha akaagiza jingine, la leo, akasimama kando ya jiko kuhakikisha nalitoa sahani ipi.