Ireland bila kijiji: cheti cha ndoa kilivyofungua njia

Nilikuwa natafuta alikotoka mhenga wangu aliyehamia Marekani, lakini orodha ya abiria na sensa za Marekani zilikuwa zinasema "Ireland" tu, bila kijiji wala parokia. Kilichonisaidia ni cheti cha ndoa cha jiji la New York cha miaka ya 1880: kina majina ya wazazi wa pande zote mbili, pamoja na ukoo wa mama kabla hajaolewa. Cheti cha ndoa cha Ireland kwenyewe cha enzi hizo hakimtaji mama. Kinaandika baba na kazi yake, basi.

Ukishawapata wazazi, tafuta ndoa yao. Serikali ilianza kusajili ndoa za Wakatoliki mwaka 1864, kwa hiyo za nyuma zimo kwenye vitabu vya parokia, ambavyo Maktaba ya Taifa ya Dublin imeviweka mtandaoni bure. Anzia parokia ya bibi harusi. Kwa desturi ndoa ilifungwa kwao. Mapadri wengi waliandika majina kwa Kilatini: James huwa Jacobus, William huwa Gulielmus. Ile O' nayo iliwekwa au kuachwa ovyo, hivyo tafuta Sullivan na O'Sullivan.

Kisha linganisha ubatizo wa mhenga wako na wa ndugu zake: wazazi walewale, wasimamizi wa koo zilezile. Jina pekee halitoshi. Akina John Murphy hawahesabiki.