Siku nilipowaambia wafunge vitabu

Nafundisha Kiingereza kidato cha kwanza katika shule ya kata hapa Tanga. Kwa miaka kadhaa zoezi la kusikiliza kwenye kitabu cha kiada nililiruka, na nilipolifanya lilikuwa hivi: mimi nasoma kwa sauti, watoto macho kitabuni, majibu wanayachota kwenye maandishi. Hapo hakuna aliyesikiliza.

Kilichonigeuza ni binti mmoja aliyenifuata baada ya kipindi. "Mwalimu, nikisoma naelewa. Mkianza kuongea, maneno yanashikana yote." Alisoma kwa Kiswahili mpaka darasa la saba, sasa baiolojia na jiografia anazipata kwa Kiingereza. Maneno yale niliondoka nayo mpaka nyumbani.

Nikaanza kuwafungisha vitabu. Maswali nayaandika ubaoni kwanza, wajue wanatega sikio kwa ajili ya nini. Nasoma mara ya kwanza kalamu zikiwa chini, mara ya pili wanajibu, mara ya tatu wanahakiki wawili wawili. Ndipo kitabu kinafunguliwa, kila mmoja aone sikio lake lilipoteleza.

Kumbe makosa yao yana mpangilio! Kiswahili kina irabu tano tu, kwa hiyo "ship" na "sheep" kwao ni neno moja. Maneno yetu karibu yote huishia na irabu, basi sauti ya mwisho ya "walked" inawapita, na habari ya jana wanaiandika kama ya leo. Kigumu zaidi kilikuwa "thirteen" na "thirty". Nilieleza mkazo wiki nzima bila mafanikio, hadi nilipoandika ubaoni "barabara" na kuuliza inasomwaje. Mmoja akasoma ile ya kupita magari, kama zile za mtaani Ngamiani hapa Tanga, zenye namba. Mwingine akasoma ile ya kufanya jambo sawasawa. Darasa zima likaguna: aa! Herufi zile zile, mkazo umehama, maana imehama. Tangu siku hiyo sikuhitaji kueleza tena.

Sauti yangu waliizoea mno, nikaomba walimu wenzangu wanirekodie kwenye simu, mmoja wa Lushoto, mwingine wa Bukoba. Nikapata na spika ndogo ya kuchaji. Darasa lina wanafunzi zaidi ya 70, na mvua ikigonga bati naahirisha. Hilo sijalipatia dawa.

Mwezi uliopita nilicheza rekodi ya mtu anayenunua samaki Deep Sea, soko la samaki la hapa Tanga. Katikati, yule binti akanyoosha mkono, nikasimamisha simu.

"Madam, thirteen or thirty?"

Kabla sijajibu, nusu ya darasa walikuwa wameshaanza kubishana, kwa Kiingereza.