Siku moja maishani mwangu: steshenari Uyole, na kinyonga kwenye ndoo

Saa 11 alfajiri. Mvua ya Uyole, hapa Mbeya, mwezi huu wa tatu haina adabu, imeanza usiku wa manane na mpaka naamka bado inapiga bati kama ina deni na mimi. Nimekunywa chai na viazi vya jana, nimevaa masweta mawili, nikatoka. Kwa wasionijua, mi nina kasteshenari karibu na stendi, kompyuta moja, printa moja, mashine ya kopi ambayo siku za baridi inagoma mpaka uipigepige ubavuni.

Saa 1 na nusu. Wanafunzi wa kopi, wengi, wote wana haraka, nusu yao wana hela pungufu. Katikati yao kuna mama anataka kumwombea mwanae cheti cha kuzaliwa, mtoto yuko la saba na hajawahi kuandikishwa. Nikamwambia mama, kwa kuchelewa hivi wanataka karatasi yoyote inayoonyesha mtoto kazaliwa wapi na nani, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, chochote. Akasema kadi ililiwa na panya. Nikamwandikia anachotakiwa kutafuta, akaondoka ananung'unika kwamba mtoto si yuko hapa anaonekana, karatasi ya nini tena.

Saa 3. Wameshuka vijana watatu kwenye kosta ya kutoka Isongole, wamelowa, mmoja kabeba ndoo iliyofunikwa kanga. Shikamoo dada, marahaba, karibuni. Wana barua ya mkono, kurasa mbili za kaunta buku, wino umevuja kwa mvua. Wanataka niichape vizuri, ni mapendekezo yao kwa TAWA, mamlaka ya serikali inayosimamia wanyamapori. Wana kikundi, wanalima viazi, na wanaona kuwe na kanuni nyepesi za leseni kwa watu wadogo wanaotaka kufuga na kuzalisha reptilia, kinyonga hasa, na kobe. Leseni za bustani na mashamba ya wanyamapori zipo tayari lakini wao wanaona zimekaa kitajiri, mtu wa Isongole ataanzia wapi.

Nikauliza ndooni kuna nini. Heri nisingeuliza.

Akafunua. Kinyonga dume wa milima yetu hii ya Uporoto, wa pembe tatu, kijani iliyokolea, amekamata kijiti. Jicho moja linaniangalia mimi, lingine linaangalia kalenda ukutani. Miguu yake imegawanyika vidole huku na huku kama koleo, nikamsogezea penseli akaishika kwa mguu mmoja taratibu, akaipima, akaing'ang'ania. Kwenye laini ya kopi kulikuwa na watu wanne, nikageuka hakuna mtu. Dada mmoja mjamzito alikuwa ameshavuka barabara na anapiga kelele ziletwe karatasi zake huko aliko!

Nikawaambia, jamani wadogo zangu, mnaomba leseni huku mmebeba ushahidi dhidi yenu. Sheria ya wanyamapori ya 2009 inasema wanyama hawa ni mali ya umma, wako chini ya Rais kama mdhamini wa wananchi wote, kwa hiyo hapa kaunta kwangu kwenye ndoo ya mafuta kuna mali ya umma na nyie mmekuja nayo kwa kosta. Yule mrefu akasema walimleta kama sampo. Sampo! Nikawaambia mmoja apande gari sasa hivi amrudishe kwenye mti uleule waliomtoa. Mdogo wao akaenda na ndoo yake, amenuna.

Saa 5. Naanza kuchapa. Na hapa ndo ilipo kazi yangu ya leo, maana barua nyingi nachapa bila kusoma lakini hii niliisoma. Pendekezo la tatu liliandikwa "leseni iruhusu kuuza wale tu waliozaliwa bandani, wa porini wasiguswe". Linapendeza. Afu nikasimama kwenye lile neno.

Kinyonga wa huku juu hatagi mayai kama wa mabondeni, anazaa vitoto vizima. Sasa ukimkamata jike mwenye mimba msituni Ijumaa, Jumapili akazaa bandani kwako, wale watoto wamezaliwa wapi? Bandani. Uongo? Si uongo. Unauza, mwezi ujao unakamata jike lingine. Msitu unaisha na barua yako iko safi kabisa.

Nikamwonyesha yule mrefu, nikamwambia andika "waliozalishwa", sio "waliozaliwa". Akasema dada si kitu kilekile. Sio kilekile! Aliyezalishwa ni yule ambaye hata baba na mama walipandana hukohuko bandani kwako, na wewe una daftari linaloonyesha. Tena hii sijaitunga mimi, kwenye vibali vya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, kuna herufi, W ni wa porini, F ni aliyezaliwa kizuizini, C ni aliyezalishwa kizuizini. Kinyonga wetu huyu yuko kwenye orodha yao ya pili, ya wanaouzwa nje kwa kibali tu, na udanganyifu wa kumwandikia wa porini herufi C ndo ugonjwa wa biashara hii miaka yote. Mwenzake akauliza, sa wale wazazi wa kwanza kabisa tutawatoa wapi kama porini hatugusi? Swali zuri hilo, nikamwambia hilo ndo mliandike, muombe wazazi wa mwanzo watolewe kwa kibali, wakihesabiwa. Likawa pendekezo la nne.

Saa 7. Wameenda kutafuta dawa ya ukungu wa viazi, mi nakula wali maharage huku napekua simu. Norway walikataza reptilia wa kufugwa miaka mingi, 2017 wakafungua spishi 19 tu. Uingereza nyoka wa sumu unaomba leseni halmashauri, sheria ya 1976. New South Wales kule Australia unafuga wa kienyeji kwa leseni lakini kumchukua mwituni hapana. Wote hao mnyama wanamnunua kwa muuzaji, risiti iko. Sisi mnyama anajiletea mwenyewe kwenye mbaazi, nani atampa risiti.

Saa 9. Umeme umekata nikiwa ukurasa wa pili. Tumekaa. Nikawauliza kwani Mbeya hii nani atanunua kinyonga, mmewaona watu walivyokimbia asubuhi? Wakacheka, wakasema wanategemea wageni wanaopanda kuona ziwa Ngosi kule mlimani, waje waone kwa kiingilio. Nje ya nchi wanajua pamefungwa, usafirishaji wa wanyama hai ulizuiwa 2016, na Juni 2022 ilivyotangazwa kufunguliwa kidogo ikasitishwa haraka hata watu hawajapanga foleni. Kwa mi naona kiingilio ni wazo bora kuliko kuuza, nikawaambia walipandishe liwe la kwanza, wakakataa. Barua ni yao.

Saa 10 na nusu umeme umerudi, nimeprinti, elfu tatu na kopi bure. Mdogo wao kapiga simu, kasema kamrudisha. Nimeamua kuamini.

Saa 1 usiku. Nyumbani mzee mwenye nyumba kakaa barazani, na kobe wake anakula maganda ya ndizi pale chini, kobe mkubwa, gamba limetobolewa pembeni tundu la kamba. Nimepanga hapa miaka sita sijawahi kuuliza. Leo nikauliza, mzee wangu, huyu alizaliwa hapahapa au ulimtoa wapi?

Mzee akamwangalia kobe, akaangalia ukuta wa tofali unaozunguka nyumba yote, akaangalia geti.

"Huyo? Alikuja mwenyewe."